Gauni la Mbio za Mwisho

Gauni nililishona mwenyewe kutoka lile nililoolewa nalo: kitambaa cha kijani, aproni ya bluu, vifungo vya fedha kifuani. Sketi niliipunguza hadi juu ya magoti, isije ikanasa kwenye fito zinazosimikwa thelujini ili washindani wapite kati yake. Kwetu hapa milimani Tiroli, mshindani wa ski, zile mbao mbili za kutelezea thelujini, akistaafu, mteremko wake wa mwisho huushuka amevaa nguo za kwao, polepole, akiwapungia watu mkono, na muda wake hakuna anayeujali.

Mjukuu wangu Notburga, sote twamwita Burgi, aliahidi hivyo. Ujana wake wote ulikwenda kwenye theluji, na goti la kushoto lilipasuliwa mara tatu. Alipanda jukwaa la washindi Norwe, Italia, hadi Japani. Lakini hapa kijijini, kwenye mteremko ninaouona nikiwa jikoni nakanda unga, hakuwahi.

Siku yenyewe washindani walishuka mara mbili, muda wa zote mbili ukijumlishwa, na watatu wa kwanza ndio wa jukwaani. Asubuhi Burgi alivaa nguo yake ya mashindano, mchana ingekuwa gauni. Asubuhi hiyo akatoka wa tatu.

Nilimkuta kwenye kibanda cha kupakia ski nta, goti limefungwa barafu. Kocha wake, Lois, amesimama mlangoni.

"Wa tatu, Burgi! Uvae aproni sasa? Unakwenda kuwapikia wenzako maandazi?"

"Nyamaza, Lois. Bibi yupo."

"Bibi naye si ana macho? Mwambie, Bibi!"

Nilikuwa nimelipakata gauni kama mtoto. Burgi akashika kifungo kimoja, akakizungusha.

"Bibi, utanikasirikia?"

"Gauni si maziwa, halichachi," nikamjibu. "Nenda."

Akaenda na nguo yake ileile ya mashindano. Alishuka kwa pupa, na kule juu fito zote zililala alipozigusa. Alipokaribia ghala la majani makavu lililo kando ya mteremko, ncha ya ski moja ikapita upande usio wake wa ufito. Ski moja ikikosea, mbio zimeisha. Akasimama pembeni, paji la uso kwenye wavu, muda mrefu. Jukwaani wakapanda wengine.

Aliponifikia, macho yalikuwa mekundu. "Gauni liko wapi?"

"Watu wanaondoka, mwanangu. Na fito zinang'olewa."

"Basi niwahi."

Akavaa gauni, soksi nyeupe na kofia yake ngumu, akapanda kiti kinachovutwa na waya kwenda juu mlimani. Yaliyotokea huko alinisimulia Hartl, mkubwa wa wang'oa fito.

"He, bibi harusi! Bwana yuko wapi?"

"Amenikimbia aliponiona nikikosea pale ghalani. Urudishe ule ufito, Hartl."

"Nimeshaupakia! Mgongo wangu huu nao?"

"Urudishe, mzee wangu."

Akanung'unika, akatoboa theluji upya, akausimamisha palepale. Burgi akashuka polepole, sketi ikipepea. Alipofika ghalani akaupita upande wake, akampungia Hartl mkono.

Chini tulibaki mimi na Lois, yeye akifuta pua kwa glavu.

"Muda gani?" Burgi akauliza.

"Hakuna aliyepima."

"Afadhali," akasema, akaniegemea na uzito wake wote.

Kifungo kimoja kilidondoka huko juu. Nimeshona cha pembe ya ng'ombe mahali pake. Hakifanani na vingine, lakini Jumapili Burgi hulivaa gauni hivyohivyo kanisani.