Mtoto Asiyesumbua

Saa tatu na robo asubuhi Élie alikuwa hajaamka. Kwa mpango wa mama yake alipaswa kunyonya saa mbili, kucheulishwa, kubadilishwa nepi, kisha kulala hadi saa tano. Alikuwa na umri wa wiki tatu.

Bénie alimtazama bila kumgusa. Alikuwa mwalimu msaidizi wa sheria kwenye chuo kikuu kule Kasapa, na aliamini kwamba mtoto huzoea saa akizoeshwa mapema. Mwanzoni Élie aliupinga mpango huo kwa kelele, akitaka ziwa kila alipojisikia. Tangu Jumapili alikuwa ameacha kupinga.

Jumapili ndipo baridi ya Julai ilipozidi, na umeme ukaanza kukatwa tangu alfajiri katika mtaa wao uitwao Kenya. Mama mkwe wake, Mama Simone, aliwasha mbabula, lile jiko la makaa, uani. Akangoja moshi uishe kabisa na makaa yawe mekundu, ndipo akaliingiza katika chumba cha mzazi. Alifunga dirisha. Chini ya mlango aliziba kwa kitenge. Ndivyo alivyowalea watoto wake wote.

“Mama, saa ya kunyonya inapita,” Bénie alisema.

“Weye na montre yako ya mukono. Mabele ya kunyonyesha inasomaka montre?” Mama Simone hakuinua macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua. “Juzi ulilia mutoto halale. Sasa analala, unalia tena.”

Bénie alicheka, ingawa kichwa kilimuuma. Kilikuwa kikimuuma tangu Jumapili; alidhani ni uchovu wa uzazi. Alimsugua mtoto nyayo, akampangusa uso kwa kitambaa chenye maji. Élie alivuta ziwa kidogo, akaliachia. Maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo.

Jirani yao Séphora aliingia kusalimia. “Mutoto yangu inaliaka mpaka bantu ya ng'ambo banagonga ukuta,” alisema. “Mama Élie, unipe dawa yako.”

“Hakuna dawa. Ni discipline.”

“Na angalia vile iko mwekundu. Muzungu mudogo.”

Walicheka wote watatu.

Kesho yake Bénie alimpeleka kupimwa kilo. Wakiwa bado njiani, Élie aliamka akalia. Kwenye foleni alinyonya maziwa yote mawili, akatafuta tena. Muuguzi alisoma mzani mara mbili.

“Kilo inashuka. Anakulaka?”

“Analala sana.”

“Basi umuamushe.” Muuguzi akamwita mwingine.

Bénie alibaki kwenye benchi. Mtoto alikuwa na njaa, na njaa hiyo ilikuwa imeanza mbali na nyumbani. Kichwa chake mwenyewe hakikumuuma tena. Alizipanga siku moja moja: palipokuwa na umeme mtoto alilia, umeme ulipokatwa, mtoto alilala. Katika siku za usingizi kitu kimoja tu kilikuwa kimeongezwa chumbani.

“Mama, mbabula isiingie tena,” alisema alipofika nyumbani. “Inamuua mutoto.”

“Moshi iko wapi? Unionyeshe moshi.”

“Ile hewa mubaya ya makala haionekanake.”

“Ulisoma droit, ile sheria yenu, haukusoma makala ya mbabula. Sawa. Itabakia inje. Akikufa na baridi, weye njo utamwambia bwana yako.”

Alilitoa jiko yeye mwenyewe. Bénie alifungua dirisha, akamlaza mtoto, akamwomba mama mkwe amwangalie kidogo. Kisha akaenda kwenye bafu la uani kuoga yale maji ya moto ambayo mzazi hukandwa nayo kila alasiri. Aliyaoga polepole. Aliona jambo limekwisha.

Aliporudi dirisha lilikuwa limefungwa na mlango haukusukumika upesi. Kitenge kilikuwa chini yake. Mbabula ilikuwa kando ya kitanda. Mama Simone alikuwa ameketi kwenye kigoda, kidevu kifuani, mikono ya mtoto ndani ya mikono yake. Alikuwa akiipasha moto.

“Mama.”

Bénie alimtikisa bega; kichwa kiliyumba tu.

Bénie alimchukua mtoto, akatoka naye uani, akamwita Séphora kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Wanaume wawili walimburuta Mama Simone nje. Alitapika kwenye mchanga, akafungua macho, akauliza mtoto alikuwa wapi. Élie hakufungua yake.

Pikipiki iliwafikisha Bénie na mtoto hospitali saa kumi na nusu. Daktari aliuliza swali moja, kuhusu makaa, akamfunika mtoto uso kwa barakoa ya oksijeni. Bénie aliambiwa akae. Hakukaa.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano Élie alilia mara moja, akanyamaza. Kifua kiliendelea kupanda na kushuka, lakini daktari hakuiondoa barakoa.