Mikono Iliyoganda Hewani

Kabla Vaileth hajapanga kwetu, mie nilidhani kiziwi hana kazi na simu zaidi ya meseji na picha. Bi Mwamvita naye alidhani hivyohivyo. Yeye ndiye mwenye nyumba wetu hapa Manzese, bibi wa Kizaramo aliyezaliwa na kuzeekea mtaa huuhuu, na simu yake ni kitochi cha vitufe.

Vaileth ni msusi. Alikuja na mumewe Adelard, kiziwi kama yeye, fundi wa kuchomelea vyuma. Walijuana shule ya bweni ya viziwi, wakaja kufunga ndoa Kimara, wakachukua chumba cha uani. Walikuwa watu wa tabasamu na salamu, ila sie wengine tuliishia hapo kwenye salamu. Mikono yao ilikwenda mbio mno. Ukiwatazama wakizungumza ni kama kumtazama mtu anayechambua mchele: vidole unaviona, kinachoendelea hukijui. Bi Mwamvita akitaka kumwambia Vaileth jambo, alimshika mkono akamvuta mpaka penye jambo lenyewe.

Mimba ya Vaileth ilipoanza kuonekana, Adelard akapata kazi Songea, kujenga ghala la mahindi. Hakuwa mtu wa kusoma sana. Meseji ya maneno mengi ilimchosha, akajibu neno moja, na mara nyingine silo. Lugha yake ilikuwa mikononi na usoni. Kwa hiyo Vaileth alipoliona lile bango jipya pale barabarani, alisimama kulitazama mpaka watu wakamkwepa. Lilikuwa la kampuni ya simu. Msichana anacheka, simu yake inamwaga maji kama maporomoko, na juu yake maandishi makubwa: TIRIRIKA. INTANETI BILA KIKOMO. MIEZI MITATU, ONGEA MPAKA UCHOKE.

Alijiunga kwa akiba aliyokuwa akiitunza anunue draya la nywele.

Wiki zile za mwanzo ndizo zilizotuacha midomo wazi. Asubuhi Vaileth aliiegemeza simu kwenye dirisha la baraza, mbele ya kiti cha kusukia, na Adelard akaweka yake juu ya pipa huko Songea. Basi, wakawa pamoja. Mke anasuka, akifika mwisho wa msuko anainua mikono, anasema lake. Mume anavua miwani ya kuchomelea, anajibu, anarudi kwenye cheche zake. Siku moja nilimwona Vaileth akicheka mpaka akaacha kichwa cha mteja nusu, na sauti haikusikika popote, si kwetu wala kwenye simu. Bi Mwamvita alikuwa anachambua mchicha. Aliacha.

"Mie nina masikio yote mawili," aliniambia, "na marehemu mume wangu hatukuwahi kuzungumza hivi."

Halafu asubuhi moja Adelard akaganda.

Mikono yake ilisimama hewani, uso umekunjwa katikati ya neno. Kisha uso ukapasuka vipande vya mraba, ukarudi, ukaganda tena. Vaileth aliizima simu, akaiwasha. Akapanda juu ya ndoo, akainyoosha simu kuelekea angani. Jioni ile na kesho yake ikawa vilevile. Walijaribu kujirekodi na kutumiana, lakini kiduara kilizunguka mpaka chaji ikaisha. Jirani mmoja alimwashia intaneti ya kwake, wakazungumza kidogo, bando la jirani likakata.

Katikati ya hayo Vaileth akaenda kliniki, akarudi kabadilika. Alikaa kitandani na simu mbele yake, akifanya ishara zilezile, akizirudia, na machozi yanashuka. Bi Mwamvita akavaa khanga zake za kutokea.

"Twende huko dukani kwao," alisema. "Na wewe njoo, utusomee yao ya Kiingereza."

Kwenye duka la kampuni tulihudumiwa na kijana mmoja mtaratibu, kibandiko cha kifuani kimeandikwa Brightson. Alimwamkia Bi Mwamvita shikamoo, akaichukua simu ya Vaileth, akabofyabofya.

"Mama, mbona intaneti yake ipo? Haijakatika."

"Ipo wapi, baba? Mume wake anaganda kama nyama ya friji."

"Iko hewani. Ila amevuka kiwango, kwa hiyo kasi imepunguzwa mpaka kifurushi kiishe. Ni sera ya matumizi ya haki."

"Haki ya nani?"

Brightson alikohoa kidogo. "Ya wateja wote, mama. Ili mmoja asiwamalizie wenzake."

"Bango lenu linasema bila kikomo. Sasa hicho kiwango alichovuka si ndiyo kikomo?"

"Kikomo cha kasi, mama. Intaneti yenyewe haina kikomo." Alitoa kipeperushi, akatuonyesha chini kabisa, maandishi ya ukubwa wa mbegu za mchicha. Nikayasoma. Yalisema alichosema. "Meseji anaweza kutuma mpaka mwisho. Atume meseji tu."

Sijui Vaileth alisoma nini kwenye midomo yake. Alisogea, akajiweka katikati ya duka, pale kila mtu kwenye foleni angemwona. Akainua mikono, akaanza kusema kitu kwa ile kasi yake ya kawaida. Mara akaganda. Kila kitu kiliganda: mikono, nyusi, macho, hata pumzi. Mkono mmoja ulikuwa juu, mwingine karibu na tumbo. Alikaa hivyo. Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Mlinzi wa mlangoni akageuka. Vaileth bado amesimama, jicho halipepesi, na mie nikajikuta namngoja amalizie. Alipoachia, alikuwa ameruka katikati yote. Ishara moja tu ya mwisho, halafu mikono chini.

Foleni nzima ilikuwa imemgeukia.

"Amesema nini?" Brightson akauliza, taratibu.

Hakuna aliyejua. Vaileth alichukua kalamu ya mezani, akaandika nyuma ya kipeperushi: *Mtoto amekaa vibaya. Miguu chini. Daktari anasema kupasua. Mume wangu hajui mpaka leo.*

Brightson aliyasoma, akayasoma tena. Alimwita mkubwa wake, mkubwa akaja, akasoma, akasema pole sana. Mfumo ndio unaopunguza, akasema, mkono wa mtu haufiki huko. Labda anunue kifurushi kingine. Bi Mwamvita akamshika Vaileth mkono, tukaondoka. Tulikuwa tumeshafika nje Brightson alipotukimbilia. Aliwasha intaneti ya simu yake mwenyewe, akampa Vaileth kiti kivulini kando ya ukuta.

Adelard akatokea, mzima, mikono inatembea. Vaileth akamwambia. Nilimwona yule mwanaume akiweka mikono yake miwili kichwani na kuiacha huko. Walizungumza mpaka bando la Brightson likakata. Kijana akamwambia Bi Mwamvita kwamba amejaza malalamiko kwa jina la Vaileth, lakini asimdanganye, hajui kama kuna atakayeyasoma. Mpaka leo hatujajibiwa.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyasimulia kila nikipata msikilizaji.

Wale wawili waliibadilisha lugha yao. Sijui nani alianza. Vaileth alitengeneza neno moja kwa mikono, akalishikilia pale, ametulia kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, mpaka picha ifike Songea. Adelard akilipata, anaitikia kwa kichwa. Vaileth analiachia, anatengeneza jingine. Maneno madogo waliyatupa. Sentensi iliyokuwa ikipita kufumba na kufumbua sasa ilichukua muda wa kumenya viazi, lakini ilifika. Mtandao uliwaachia picha moja moja, nao wakaanza kuzungumza kwa picha moja moja.

Na maneno yaliposimama, sie tukayaona.

Kwa mara ya kwanza mikono ya Vaileth ilikaa mahali muda wa kutosha jicho langu kuishika. Hili ni *mtoto*. Hili, *maji*. Hili la kuguna kwa uso mzima, *sitaki*. Bi Mwamvita alikuwa akikaa pembeni na mchicha wake, miwani ikimteleza puani, na siku moja nikaona vidole vyake vinafuatisha. Alipokosea, Vaileth alimrekebisha kidole kwa kidole. Baada ya muda si mrefu bibi alikuwa anaingizwa kwenye mazungumzo. Wakampa na jina, maana viziwi hawaandiki majina yenu hewani, wanawapa ya kwao. Jina la Bi Mwamvita ni kidole kimoja kinachosukuma miwani juu ya pua. Alipoelewa kwamba ndiye yeye, alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaingia ndani, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Umri huu," aliniambia, "nimepewa jina jipya."

Siku ya upasuaji, mie na bibi tulimpeleka Vaileth hospitali asubuhi. Adelard hakupewa ruhusa kazini. Vaileth alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu, na hapo ndipo nilipomwona akiogopa, kwa sababu wote waliomzunguka walikuwa wamevaa barakoa. Midomo aliyozoea kuisoma haikuwepo. Nesi alisema naye kwa sauti, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Hasikii, mwanangu," Bi Mwamvita alimwambia. "Niambie mie."

Nesi aliitwa Editha. Aliwatazama wote wawili. "Mwambie atachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Ajikunje, asitikisike hata kidogo."

Bi Mwamvita alisukuma miwani, akainua mikono yake yenye hina iliyofifia. *Sindano.* Akashikilia. *Mgongo.* Akashikilia. *Tulia.* Vaileth aliyafuata maneno moja moja, akashusha pumzi, akatikisa kichwa kukubali. Editha aliondoka, akarudi na gauni la kijani na kofia.

"Vaa, bibi. Unaingia naye."

Mie nilibaki kwenye benchi. Ya ndani bibi alitusimulia mwenyewe, na kila akifika hapa sauti yake hushuka. Alisimama kichwani kwa Vaileth. Pazia liliwazuia wasione upande wa pili. Madaktari walisemezana, vyuma vikagongana, na Vaileth hakuona wala kusikia chochote, macho yake yote yako kwenye mikono ya bibi. Mara, nyuma ya pazia, mtoto akalia. Sauti ilijaza chumba. Kila mtu mle ndani alijua mtoto kafika, isipokuwa mama yake.

"Nikasema, ya Rabi," Bi Mwamvita husimulia, "habari hii yote ipo mikononi mwangu. Nisipoisema, haipo."

Akainua mikono. Vidole vikashuka kutoka machoni mpaka mashavuni: *analia*. Vaileth alimkazia macho kama hakuamini. Bibi akarudia, akaongeza lile la ukubwa, mikono imepanuliwa mpaka ikagusa mtungi wa oksijeni: *analia sana*. Hapo uso wa Vaileth ukafunguka. Bibi anasema hajawahi kuona uso ukifunguka vile, na hategemei kuona tena.

Walipomtoa mtoto, wa kike, amefungwa kwenye khanga, Bi Mwamvita alinijia na simu ya Vaileth. "Mpigie baba yake."

Nikapiga. Adelard alitokea kwa vipande: bega, kidevu, jicho. Nyuma yake walikuwepo wenzake wa kazi, wamejibana, wameacha nyundo zao. Nikaishika simu, Bi Mwamvita akasimama mbele yake katika gauni la kijani.

*Mtoto.* Akangoja. *Msichana.* Akangoja. *Mama, mtoto. Wazima.*

Picha ya Adelard iliganda mdomo wazi. Tukangoja. Watu walipita ukumbini na vitanda, mtu akatuomba njia, tukasogea bila kuiondolea macho ile simu. Ilipofunguka, alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, na mikono yake inauliza kitu. Bi Mwamvita alikijua: *Anafananaje?*

Akainua mikono yake kumjibu, kisha ikabaki kifuani. Hakuwa na neno. Alishajua maji, mchicha, sindano, lakini kwa sura ya yule mtoto hakuwa na neno, wala kwa Kiswahili, anasema, hakuwa nalo.

Basi akamchukua mtoto kwa Editha, akamweka mbele ya simu. Mtoto alipiga miayo, akageuza kichwa, na tulijua kwamba Songea yote hayo yalifika kama ukungu. Bi Mwamvita hakumsogeza. Akamwimbia kidogo, taratibu, mpaka akasinzia, akatulia kabisa. Na hapo tukakaa, mie nimeshika simu kwa mikono miwili nisitikisike, tukiacha picha ile isafiri. Tuliona ilivyofika. Kwanza macho ya Adelard yalitulia. Halafu akasogea karibu na kioo, karibu zaidi, mpaka uso wake ukajaa simu nzima. Mikono yake hatukuiona tena. Nadhani ilikuwa imemshikilia yeye mwenyewe.