Miguu Isipishane

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya nikiwa nimepiga magoti.

Jumatano ile, kwenye ibada ya maombi, kila mtu alitaja haja yake kwa sauti kama ilivyo desturi yetu. Dada Eulalie aliombea goti lake. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Bwana, mkumbuke Idella, binti wa kaka yangu. Amekata nywele, amepandisha gauni, na sasa miguu yake imeanza dansi." Nilisema kwa machozi na kwa nia njema. Nilipofumbua macho, Mzee Gadsden, mmoja wa wazee wa kanisa, alikuwa anaandika kwenye kijitabu chake.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwona Idella kule kwenye nyumba ya kufulia nguo tunakopiga pasi sote wawili. Wakati wa chakula cha mchana wasichana waliweka gramafoni juu ya meza, naye akasimama katikati, kofia imembana kichwa hadi kwenye nyusi, akacheza ile dansi mpya ya Charleston. Magoti ndani, magoti nje, mikono ikikata hewa. Nilikuwa na kipande cha mkate wa mahindi mkononi. Sikukimaliza.

"Shangazi, unaniangalia kama askari," akaniambia huku akihema.

"Nakuangalia kama mtu aliyekulea."

"Basi angalia vizuri. Hatua hii nimeitoa kwako."

Nilidhani ni ufidhuli tu wa wasichana wa hapa mjini Harlem, nikarudi kwenye pasi yangu.

Ijumaa barua ikaja. Idella aitwa mbele ya wazee Jumapili, baada ya ibada. Kanisani kwetu anayecheza dansi hufutwa kwenye orodha ya washirika, na aliyefutwa haimbi. Idella ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Tangu kaka yangu afariki, sikuona kitu kingine kilichomshikilia mtoto yule zaidi ya nyimbo hizo.

"Wamejuaje?" aliniuliza, barua mkononi.

"Niliomba."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Akakaa kitandani. "Shangazi, siku nyingine omba kimoyomoyo. Mungu anasikia. Shida ni kwamba na Mzee Gadsden anasikia."

Sikulala vizuri siku mbili zile. Niliomba, na safari hii nilifunga mdomo.

Kanisa letu lilikuwa chumba kilichowahi kuwa duka, kati ya kinyozi na muuza samaki. Jumapili, ibada ilipokwisha, hakuna aliyeondoka. Mzee Gadsden alisimama na kijitabu chake. Yeye ni mtu wa visiwa vya Carolina Kusini kama mimi. Tulikua tukisali katika nyumba moja ya sala.

"Dada Mozelle, ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Alicheza?"

Idella alikuwa anatazama sakafu. Hapo nikakumbuka kwetu visiwani. Maombi yakiisha, mabenchi yalisogezwa ukutani, nasi tukazunguka duara tukiimba na kupiga makofi, nyayo zikiburuzwa kwenye mbao. Sheria ilikuwa moja tu. Aliyepishanisha miguu amecheza dansi, na hutolewa nje. Asiyepishanisha amemsifu Mungu.

"Mzee," nikasema, "uliza kama walivyouliza wazee wetu. Uliza kama miguu ilipishana."

Akafungua kijitabu chake. "Haya. Ilipishana?"

"Sijui. Niliangalia magoti."

"Kila mtu anaangalia magoti," Dada Eulalie akasema. "Siku hizi ndiyo yanayotangulia kuingia mlangoni." Watu wakacheka, hata mke wa mchungaji.

"Basi aonyeshe hapa," mtu mmoja akasema.

"Na gauni lile? Mbele ya madhabahu?" mwingine akauliza.

"Nitaonyesha mimi," nikasema.

Nilikuwa na miaka hamsini na saba na gauni linalofika kwenye viatu. Nikaanza kama bibi yangu alivyonifundisha, kisigino, kidole, kisigino, na magoti yakajikumbuka yenyewe. Ndani, nje. Makofi yakaanza pembeni, makofi ya kwetu kabisa. Niligeuka nikaona mikono ya Mzee Gadsden ikipiga. Idella akaanzisha wimbo, chini chini, wimbo wa visiwani. Ndipo nikaelewa alichoniambia mbele ya gramafoni. Hatua ilikuwa yangu. Alijifunza akiwa mdogo, nyuma ya sketi yangu. Mji ulikuwa umeivalisha gauni fupi tu.

Kisha akanijia Roho, au ikanijia furaha. Nimeuliza mara nyingi katika sala na bado sijajibiwa. Mguu wangu wa kulia ukapita juu ya wa kushoto, mara moja.

Hakuna aliyeona. Gauni lilikuwa refu, na wengi walikuwa wamefumba macho.

Mzee Gadsden alijifuta uso. "Hatua hii naijua," akasema. "Sioni dansi hapa. Idella ataendelea kuimba." Akafunga kijitabu.

Ningeweza kukaa. Nilikwisha kushika benchi ili nikae.

"Mzee, yangu ilipishana."

"Nini?"

"Miguu. Nilikuwa nafurahi, ikapishana."

"Dada Mozelle, hakuna aliyekuuliza."

"Jumatano pia hakuna aliyeniuliza, nikamsema mtoto wa watu. Leo nijiseme mwenyewe."

Alitazama viganja vyake muda mrefu, vile vilivyonipigia makofi. Mwishowe akasema nikae benchi la nyuma Jumapili nne, nisiongoze maombi. Jina langu hakuliandika.

Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma, karibu na mlango, harufu ya samaki ikiniingia puani. Idella akaacha safu ya waimbaji, akaja kukaa ubavuni mwangu.

"Rudi mbele," nikamnong'oneza. "Nani ataanzisha wimbo?"

"Mimi. Sauti yangu inafika kutoka hapa."

Ikafika. Watu wote wakageuza shingo. Chini ya benchi kiatu chake kikaanza, kidole, kisigino, nami nikaweka mkono juu ya goti lake kama nilivyozoea kumtuliza tangu utotoni. Safari hii sikubonyeza. Niliacha hatua ipite chini ya kiganja changu, nikamwombea kimoyomoyo.