Vyombo vya Tanuri la Shouzhen

Ou Shouzhen alichungulia moto wa tanuri tangu hajaota ndevu, na moto ukamla macho. Sasa uso wa mkewe aliuona kama kivuli, na rangi hakuziona kabisa. Siri hiyo aliijua mkewe huyo, Qiu'e, peke yake.

Masharti ya kasri la mfalme, lililoagiza vyombo vyao, hayakuwa na huruma: chombo chenye dosari kivunjwe na fundi mwenyewe kabla msimamizi wa kasri hajafika, kisije kikaangukia mikononi mwa watu wa kawaida. Msimamizi alitarajiwa kwao Longquan mchana huo. Akivipenda vyombo, mzee angerudishwa kwenye tundu la moto msimu mwingine. Akikosa cha kuchukua, kazi ingehamia kwa jirani yao Ji, aliyeitaka kwa udi na uvumba.

Qiu'e alikuwa hoi. Alichoka kuongopa, alichoka kumkosha mumewe macho kwa chai baridi kila alfajiri.

Walifungua makasha ya udongo yaliyokinga vyombo motoni. Shouzhen akatoa birika, bado lina vuguvugu, akamnyooshea mkewe.

"Mama Suyin, limekuwaje?"

Qiu'e akaligeuza kwenye mwanga. Safari hii mzee aliziba tanuri kwa kusikiliza ngurumo ya moto tu, na birika limetoka na kijani kile tulivu walichokitafuta tangu waoane.

"Manjano," akasema. "Hewa iliingia."

"Manjano kabisa?"

"Kama mkojo wa punda, mume wangu."

Mzee akacheka kidogo, akalipiga nyundo. Qiu'e aliumia kama amepigwa yeye.

"Na hili?"

"Hilo nalo."

Wakaendelea hivyo, vigae vikirundikana miguuni, mpaka likabaki bakuli dogo. Shouzhen akalipapasa kwa kidole gumba, akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza muda mrefu.

"Tanuri nililiziba vizuri, Mama Suyin. Hewa haikuingia."

Qiu'e akainamisha kichwa, kilio kikamponyoka. Aibu ilimjaa, ila hakujutia.

"Usilie, Mama Suyin," mzee akasema. "Ningetaka kukubishia, ningekubishia kwenye lile birika. Nami nimechoka." Akalikumbatia bakuli kifuani. "Niambie tu, ni kijani gani?"

"Kama bwawa la kwa mama yako," Qiu'e akajibu kwa shida, "mvua ikishakatika."

"Pale kwenye kina?"

"Hapo hapo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaliweka bakuli chini polepole, akapapasa kuitafuta nyundo.