Meza Yenye Mguu Mfupi

Huguette alikuwa amejitengenezea ofisi sakafuni, juu ya mkeka, mgongo ukutani. Kompyuta aliiweka juu ya godoro lililokunjwa, karatasi akazitandaza kushoto na kulia, na kila upepo wa ziwa ulipoingia dirishani alilazimika kuzifukuzia mpaka jikoni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano ya wakulima iliyorekodiwa kwa simu, kisha kuiandika kwa Kifaransa kwa ajili ya shirika moja. Tangu maji ya ziwa yalipopanda na kuingia ofisini kwao, kila mfanyakazi alipewa kompyuta aende nayo nyumbani. Wenzake walifurahi, maana nani hapendi kufanya kazi karibu na chungu chake? Huguette hakufurahi wala hakusikitika. Siku hizo hakuwa akisikia chochote moyoni.

Sebule yake ilikuwa tupu kwa sababu ya kilio. Mumewe, Casimir, alipofariki, majirani walifanya kama inavyofanywa: walitoa meza, viti na kabati, wakavihifadhi kwao, ili akina mama wapate pa kutandika mikeka na kulala na mfiwa. Casimir akazikwa, matanga yakaisha, ndugu zake wakarudi kwao Mpala. Lakini vyombo havikurudi. Vilikuwa nyumba ya jirani tu, kwa Mama Rosine, na mlango wa huko ukiwa wazi Huguette aliwaona watu wengine wakila chakula kwenye meza yake. Kwenda kuidai kulikuwa sawa na kusema: basi, Casimir amekwisha, maisha yaendelee. Hilo hakutaka kulisema kwa mdomo wake mwenyewe.

Ijumaa mkubwa wake wa kazi, Germain, alimpigia simu.

"Mama Huguette, kazi yako inachelewa, na makosa ni mingi. Mimi nilikuwa nakutetea. Sasa wanasema kama Jumatatu haijatengenea, kazi watamupa mutu wa Lubumbashi."

"Nimesikia, Papa Germain."

"Panga biro muzuri kwa nyumba, ofisi ya kweli. Meza karibu na dirisha. Vitu vyako vyote pahali pamoja. Ukianza kazi, unafunga mulango. Sasa hivi unakalia nini?"

"Mukeka."

"Mukeka ni ya kilio, Mama," alisema polepole.

Jumamosi Huguette alijipinda. Alitia kalamu zote ndani ya kopo la maziwa, akapiga msumari wa kuning'iniza waya wa umeme, akashona pazia lililochanika, akawaambia watoto wa jirani wasibishe hodi kabla ya mchana. Karatasi alizipanga mafungu mafungu na juu ya kila fungu akaweka jiwe. Alipanga kila kitu cha ofisi isipokuwa ofisi yenyewe. Mwishowe hapakuwa na kitu kingine cha kupanga, naye bila kazi ile hangekuwa na cha kula. Akajifunga kitenge, akaenda kwa Mama Rosine.

Mama Rosine alikuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya meza ile ile. Alimtazama Huguette usoni, na kabla ya kuuliza lolote akaondoa sinia na kuanza kupangusa mbao kwa kitambaa.

"Nimekuja kuchukua meza, Mama Rosine."

"Niliogopa kukuletea. Ungesema nakufukuza kwenye kilio."

"Na mimi niliogopa kuiomba."

Walitazamana. Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini.

Mume wa Mama Rosine, Papa Pontien, fundi seremala, alishika upande mmoja wa meza na Huguette akashika mwingine. Waliivusha uani wakaiweka chini ya dirisha. Huguette alipoegemeza mkono, meza iliinamia upande wake. Alishangaa. Miaka yote ya ndoa yake, meza hiyo haikuwahi kutikisika.

Papa Pontien alitoa mfukoni kibao kidogo, chembamba kama biskuti, akainama na kukisukuma chini ya mguu mmoja. Meza ikatulia.

"Huu muguu ni mufupi tangu siku mulinunua," alisema. "Papa Casimir alikuwa anakuja kwangu kuchukua vibao. Anasema, Mama amefagia tena muguu wa meza."

"Mimi?"

"Ndiyo, njo weye. Unakitoa na ufagio, unakitupa na takataka. Yeye anarudisha kingine. Nilimuambia nikipigilie musumari, tumalize. Alikataa. Alisema, acha, hii njo kazi yangu kwa nyumba."

Huguette alivikumbuka vibao vile. Alivikuta kila mara kwenye vumbi, akanung'unika kwamba nyumba yao inazaa takataka, na Casimir alicheka tu akatoka nje. Huguette alidhani anakimbia maneno yake. Sasa ilimuuma, na alishangaa kwamba bado kuna kitu kinachoweza kumuuma.

"Nikipigilie sasa?" aliuliza Papa Pontien.

"Hapana, Papa. Kiache vile."

Jumatatu asubuhi alifagia nyumba nzima. Alipofika dirishani alilaza ufagio, akapiga magoti, akainua meza kwa bega na kuchomoa kibao. Alifagia pale kilipokuwa, akakirudisha mahali pake, akaijaribu meza kwa kiganja. Halafu akafunga mlango na kuketi. Katikati ya kusikiliza mkutano wa wakulima wa kijiji cha Bendera, mzee mmoja akilalamikia bei ya mihogo, machozi yalianza kumtoka. Hakuisimamisha rekodi. Aliandika huku analia, mpaka mzee akamaliza na mkutano ukafungwa.

Kabla ya mchana kazi ilikuwa imefika kwa Germain, naye akapiga simu.

"Mama Huguette, hii ni safi kabisa. Umefanya namna gani?"

"Nilianza na kufagia," alisema Huguette.