Tusi Lisilo na Dhambi

Jioni ile, katika darasa la uandishi la watu wazima mjini Kabwe, Mama Mutale alisimama kusoma hadithi yake ya mlevi anayechomwa kisu, aliyoiombea wiki nzima. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Mwalimu Muleya alikuwa amemwambia waziwazi, "Mlevi wako anaongea kama shemasi, mama. Nani atamchoma mtu kisu kwa kuitwa 'ewe mkosefu'? Mtie matusi, la sivyo hadithi haiingii kwenye kitabu cha darasa."

Naye alikitaka kitabu kile kama mgonjwa wa homa anavyotaka maji. Lakini matusi? Kinywa chake kilikuwa cha nyimbo za ibada, na hakuamini kwamba Mungu hutenganisha mtungaji na mhusika wake. Alipiga magoti mpaka yakafa ganzi, ndipo akaoneshwa njia: mlevi awe Mngoni, muuaji awe Mbemba kama yeye. Wabemba na Wangoni ni watani. Hutukanana hata makaburini, wala hakuna anayetubu.

Akasoma. Mlevi alianza taratibu, kwa kuwaita Wabemba walaji wa kima, akapanda kwa mama mzazi, akamalizia na matusi ya nguoni. Bwana Sakala, Mngoni pekee darasani, akajilaza kwenye benchi kwa kicheko.

"Na sisi Wangoni mbona hujatutaja kwa kula panya?"

"Kaa kimya, mtumwa wetu," Mama Mutale akamjibu kabla hajajizuia.

Alipofika pale Mbemba anapochomoa kisu, darasa zima lilikuwa likifuta machozi ya kicheko.

"Amchome kwa lipi?" Sakala akauliza. "Mbemba akitukanwa na Mngoni hachomoi kisu, ananunua pombe!"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Kweli. Mauaji haya hayaaminiki. Mtafute mtu atakayeudhika, mama, au ukae."

Mama Mutale akafumba macho. Penye kuudhika ndipo penye dhambi, alilijua hilo. Midomo yake ilicheza kidogo kwa sala. Alipofumbua macho alimtazama mwalimu, ambaye alikuwa Mtonga, asiye na utani wowote na Wabemba.

"Anayetukanwa ni Mtonga," akasema. Akayarudia maneno yote kuanzia kwa mama mzazi, bila kuruka hata moja, amemkazia macho.

Hakuna aliyecheka. Mishipa ya shingo ikamsimama mwalimu.

"Mimi? Mama yangu aliyelala kaburini?"

"Si wewe, mwalimu. Ni wa kwenye hadithi."

"Wa kwenye hadithi katoka wapi kama si kwetu?" Akanyakua rula ndefu ya ubaoni, akaipiga mezani, ikavunjika vipande viwili. Akabaki akikitazama kipande kilichobaki mkononi, kilichochongoka kama kisu.

"Imepita," akasema, akihema. "Itakuwa ya kwanza kitabuni. Sasa toka darasani mwangu."

Mama Mutale akatoka ameikumbatia hadithi yake, akapiga magoti pale pale barazani, asijue aanze na toba au na shukrani. Akaanza na shukrani.