Kila Sauti na Kidole Chake

Mume wangu Abdikadir ni mtu mwema, lakini akishika neno hata ngamia hamfikii kwa ukaidi. Muhula wa kwanza uliisha Ilhan wetu, binti wa Gredi ya Nne, hajapata hata alama moja ya kusoma. Abdikadir akapiga simu kutoka Madogo anakouza mbuzi, akatoa hukumu: muhula wa pili ukiisha vivyo hivyo, mtoto ahame Garsen, aende huko Madogo akamsaidie shangazi yake dukani. Shule basi.

"Huyu si mjinga," alisema. "Kwa maalimu wa duksi amehifadhi juzuu mbili. Kurani anaweza, Kiswahili kinamshinda namna gani? Ni uvivu tu."

Hata vitabu vya shule Ilhan alikuwa akinisomea jikoni bila kukwama, nikawa naona ni mitihani ndiyo yenye kasoro.

Aliyefichua mambo ni Mwalimu Kanze, Mgiriama wa Tarasaa. Aliniita darasani, akampa Ilhan kitabu. Mtoto akasoma vizuri. Katikati ya ukurasa Mwalimu akayafunika maandishi kwa kiganja. Ilhan akaendelea kusoma, tena kwa madaha, hadi mwisho.

"Umeona, Mama Ilhan? Anasoma kwa masikio. Akisomewa mara moja, ameshika. Herufi zenyewe hazijui."

Akanieleza kwamba wako watoto wenye akili timamu kabisa, ila kuunganisha herufi na sauti yake huwawia vigumu. Si uvivu wala si laana, na hufundishika, mradi wafundishwe hatua kwa hatua.

Nilipoiona njia yenyewe nusura nicheke. Sinia ya mchanga! Ilhan aliandika b mchangani kwa kidole huku akiitamka, siku baada ya siku, na d haikuletwa mpaka b imekaa. Sauti zikawa silabi, silabi zikawa maneno, na kila sauti ilipigiwa kidole chake mezani. Ya jana yalirudiwa kabla ya kugusa ya leo. Nikamwambia Mwalimu kwa mwendo huo tutafika Madogo kwa miguu kabla hajamaliza herufi.

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na shule ina siku ya kufungwa, Mwalimu," nikamjibu. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Siku ya kufunga shule Abdikadir akaja, akaketi kwenye dawati la watoto, magoti karibu na kidevu. Ilhan akasoma kadi zote za Mwalimu. Mume wangu akatikisa kichwa.

"Hizo amehifadhi. Mimi najua mtoto wangu."

Akaomba chaki, akaandika ubaoni: *Kesho Ilhan atapanda lori kwenda Madogo.*

Damu ilinichemka. Niliinuka nimpokonye ile chaki, Mwalimu Kanze akanishika mkono.

Ilhan akaanza kupiga vidole mezani. "Ke... sho. Kesho. Ilhan." Akatabasamu kuona jina lake. "A-ta-pa... nda. Atapanda. Lo-ri." Kwenye *kwenda* akakwama, akarudi mwanzo wa neno, akalipata. "Ma-bo... hapana. Ma-do-go."

Akayapitia maneno yote tena, midomo ikicheza bila sauti, safari hii moja kwa moja. Tabasamu likafutika. Akamgeukia baba yake, machozi yamemjaa.

"Aabo, mimi sipandi."

Abdikadir akamtazama, kisha akaangua kicheko mpaka dawati likalia.

"Aliyehifadhi hajibu," akasema. "Wallahi, huyu amesoma."

Kwa furaha nilikaa sakafuni na buibui langu jipya, nikamshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani ananiangalia. Mwalimu Kanze alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso. Abdikadir akafuta ubao kwa kiganja na kumwambia mtoto yamekwisha, hakuna lori, arudi shuleni muhula ujao.

Ilhan hakusogea.

"Iandike," alimwambia.

Baba yake akaokota chaki, akaandika kwamba Ilhan atabaki Garsen. Binti yangu akaisoma sauti kwa sauti, kidole kwa kidole, na hakumwamini mpaka alipofika kwenye nukta.